Nani Hulipia Unafuu?

Dragon Mart ni soko refu la bidhaa za Kichina lililofunguliwa mwaka 2004 pembezoni mwa jiji la Dubai. Anayepita kati ya maduka yake ya marumaru, mabomba na taa hakosi kusikia Kiswahili. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokuja kujaza makontena. Wapo pia watu wasiouza chochote, ambao husimama na simu mkononi wakimwonyesha ndugu aliyeko nyumbani rangi ya kigae, wakiuliza upana wa mlango wa choo, wakigeuza dirhamu kuwa shilingi na shilingi kuwa dirhamu. Hao wana nyumba ya kukarabati. Aghalabu ni nyumba ya urithi, iko Unguja, Mombasa, Lamu au Tanga, na fedha ya kuitengeneza inatoka katika mshahara wa Ghuba.

Na awekwe mmoja wao kuwa mfano. Hana jina, na wanaofanana naye ni wengi. Ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Unguja, mlinzi wa jengo la ofisi huko Deira. Yeye na dada yake wamerithi nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe, na dada ndiye anayeishi humo pamoja na wanawe. Paa linavuja. Lipu ya ukuta wa nyuma inabanduka, na boriti mbili za dari zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Mafundi wawili wameitwa. Wa kwanza, mzee aliyezoea kazi ya chokaa, amesema kwamba saruji iliyopakwa miaka iliyopita lazima ibanduliwe yote, ukuta uachwe ukauke, boriti zibadilishwe, kisha ipigwe lipu ya chokaa tabaka kwa tabaka. Ni kazi ya miezi. Wa pili amesema atamaliza kwa wiki 3: atapiga saruji juu ya ile ya zamani, ataziegemeza boriti kwa mbao, atapaka rangi. Bei yake ni nusu ya bei ya mzee. "Kaka, huyu wa pili ni nusu bei," dada anasema katika simu. "Basi mpe kazi huyo," kaka anajibu, na kwa kiasi kitakachobaki anaanza kuchagua marumaru za sebuleni.

Je, mtu huyu ameokoa fedha? Wahenga walikwisha kujibu kwamba rahisi ni ghali, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Majibu hayo ni ya kweli, lakini ni majibu ya swali la busara: yanamwonya mtu kwamba hasara itamrudia mwenyewe. Kuna swali jingine lililo gumu zaidi. Vipi ikiwa hasara haitamrudia? Vipi ikiwa ukuta utasimama muda wote wa uhai wake na kuanguka katika zama za wajukuu, au ikiwa unyevu utahamia katika ukuta wa jirani, au ikiwa yeye atauza hisa yake kabla rangi haijaanza kutoka mapovu? Kwa hesabu ya mfuko, amefanikiwa. Ni hapo ndipo swali la maadili linapoanza, kwa sababu fedha aliyookoa haikutoweka duniani. Gharama imebaki pale pale. Kilichobadilika ni jina la atakayeilipa.

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba kubana matumizi ni kasoro. Dirhamu ya mlinzi ina jasho ndani yake: saa nyingi za kusimama mlangoni, kitanda katika chumba cha watu kadhaa, sikukuu zilizopita bila kuonana na watoto. Kuitumia dirhamu hiyo ovyo kungekuwa dhuluma dhidi ya nafsi yake na ya wanaomtegemea. Maadili ya Kiislamu, ambayo ndiyo lugha ya wengi wa pwani wanapojadili mali, yanalaani israfu kama yanavyolaani ubahili, na yanamsifu anayepita katikati. Ugumu ni kwamba njia ya katikati haina alama barabarani. Bahili hajioni kuwa bahili, na mfujaji hajioni kuwa mfujaji. Kila mmoja ana jina zuri kwa tabia yake.

Jambo hili lilimshughulisha al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, katika *Kitab al-Bukhala*, kitabu chake juu ya mabahili. Tangu utangulizi anauliza kwa nini watu hao huuita ubahili utengenezaji wa mali, na uchoyo huuita uchumi. Miongoni mwa watu wake yumo mwenye nyumba aitwaye al-Kindi. Mpangaji wake anapokea wageni wawili, na mara al-Kindi anapandisha kodi kutoka dirhamu 30 hadi 40. Mpangaji anapolalamika, al-Kindi anaandika maelezo marefu: miguu ikizidi, ngazi hulika, mikono ikizidi, milango na bawaba hulegea, watu wakizidi, choo hujaa upesi na sakafu huvunjika. Msomaji hucheka, lakini akitulia anagundua kwamba kila jambo analolisema al-Kindi ni kweli. Nyumba huchakaa kwa kuishiwa. Ngazi ina umri, na kila unyayo hupunguza kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Kosa la al-Kindi, basi, haliko katika hesabu yake. Anajua kuliko watu wengi kwamba uchakavu ni gharama halisi. Kosa lake ni kwamba maarifa hayo yote anayatumia kwa ajili ya jambo moja tu: kuhakikisha kwamba gharama haimwangukii yeye. Mlinzi wa Deira anafanana naye kwa namna iliyogeuzwa. Al-Kindi anaona uchakavu na kumtwisha mpangaji. Mlinzi anaufunika uchakavu kwa saruji, naye hajui anamtwisha nani. Kutojua huko kunampunguzia lawama, lakini hakumwondolei mzigo yule atakayeubeba.

Inafaa kueleza mzigo wenyewe, maana hoja hii haina uzito bila kujua ukuta unavyofanya kazi. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, hupenya lipu ya chokaa na kukauka kwa upepo, na baada ya miaka lipu hiyo huchakaa na kupigwa nyingine. Chokaa imewekwa pale ili ichakae kwa niaba ya jiwe. Saruji huziba. Maji yanayokosa pa kutokea mbele hupanda juu zaidi au hutafuta upande wa pili. Chumvi hukauka ndani ya ukuta na kuusaga polepole. Kichwa cha boriti hukaa katika unyevu usiokauka na kuoza mahali pasipoonekana. Kwa nje, rangi inang'aa. Na kwa kuwa nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana, na ukuta mmoja mara nyingi una wenyewe wawili, upande wa pili unaotafutwa na maji huwa ni chumba cha kulala cha mtu mwingine.

Ndiyo maana Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na mwenye nyumba hapaswi kubomoa wala kujenga bila kibali. Wenye nyumba wengi huona kibali kuwa usumbufu unaoongeza gharama. Lakini kibali ni namna ya kumpa sauti jirani ambaye hakuitwa katika mazungumzo ya simu. Kwamba majengo haya yanaweza kuua, hakuna asiyejua tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Mlinzi huyo huyo, siku yake ya mapumziko, akivuka Hori ya Dubai kwa abra na kushuka upande wa Bur Dubai, atafika Al Fahidi, mtaa ambao zamani uliitwa Bastakiya. Ulijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na wafanyabiashara waliohamia kutoka Bastak, upande wa Uajemi. Kuta zake ni za matumbawe na jasi, juu yake ikasimama minara ya kukamata upepo, na ndani yake kuna viwanja vilivyozungukwa na vyumba. Akiinua macho katika moja ya vyumba hivyo, ataona dari anayoijua tangu utoto: boriti za mikoko, zimepangwa sambamba. Miti hiyo haikuota Ghuba. Ilikatwa katika mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji, ikapakiwa katika majahazi yaliyoshuka na kaskazi na kurejea na kusi. Katika msimu wa 1938 hadi 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi moja la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia boriti, naye akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Nyumba ya Dubai na nyumba ya Unguja ni ndugu wa damu, na paa zao zilitoka katika msitu mmoja.

Boriti hizo zina fundisho la uchumi ambalo marumaru za Dragon Mart hazina. Boriti ya mkoko haivuki chumba kipana. Urefu unaobeba vizuri ni takriban mita 3. Kwa hiyo chumba kilijengwa kuwa chembamba na kirefu, huko Lamu na huku Dubai vilevile. Mjenzi hakutaka kwanza ukumbi mpana kisha akatafuta njia ya kuupata kwa bei ndogo. Alianza na mti aliokuwa nao, akakubali upana uliowezekana, na familia ilipoongezeka aliongeza chumba kingine pembeni, au ghorofa juu, au, kwa watu wa Lamu, wikio la kuvuka kichochoro. Huo ni ubanaji wa matumizi wa namna ya pekee: unapunguza haja, na gharama inayobaki unailipa wazi. Ubanaji wa fundi wa saruji unaacha haja iwe kubwa vile vile na kuificha gharama.

Hata hivyo itakuwa ni udanganyifu kuwafanya wajenzi wa kale kuwa malaika. Mawe ya nyumba nyingi za Unguja za karne ya 19 yalichimbwa na kubebwa na watumwa, na ni mikono hiyo iliyochoma na kuponda chokaa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa hadi mwaka 1897; nyumba iliyojengwa kabla ya hapo ilikuwa rahisi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipa kwa mwili wake wote. Upande wa Ghuba, utajiri wa lulu uliojenga nyumba za mawe ulitegemea wazamiaji waliofungwa na madeni kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na miongoni mwao walikuwamo watu waliotekwa Afrika Mashariki. Mikoko nayo ilikatwa bila kuulizwa, hadi Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwanzoni mwa miaka ya 1980. Boriti ile ile inayofundisha kiasi ni shahidi pia wa unafuu uliohamishwa. Anayeitazama kwa shauku ya kwao hana budi kuyaona yote mawili.

Na Dubai ya leo haijaacha jambo hilo nyuma. Tangu wageni waruhusiwe kumiliki nyumba mwaka 2002, vitongoji vizima vya nyumba za bustani vimejengwa, na vile vya mwanzo vimeshaanza kuchakaa. Wanunuzi hutafuta nyumba kuukuu kwa bei ya chini, huvunja jiko, hubadilisha mabomba na viyoyozi, na huhesabu faida. Faida hiyo inawezekana kwa sababu kazi ya mikono ni rahisi. Mwenye nyumba humbana mkandarasi, mkandarasi humbana mkandarasi mdogo, naye humbana kibarua, ambaye chini yake hakuna wa kumbana isipokuwa mwili wake: usingizi, mgongo, chakula. Ndiyo sababu serikali imelazimika kuweka sheria kwamba kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya juani kati ya saa 6:30 na saa 9:00 alasiri. Sheria ya namna hiyo ni ungamo. Inakiri kwamba, pasipo kuzuiwa, muda utaokolewa kwa kumchoma mtu jua.

Mlinzi wa Deira analijua hili kuliko mwanafalsafa yeyote. Nafasi yake yenyewe ni unafuu wa mtu mwingine. Zabuni ya chini kabisa ndiyo iliyomweka pale mlangoni, na tofauti ya bei ndiyo inayolala naye katika chumba cha watu kadhaa. Mchana yeye ndiye anayelipia akiba ya watu asiowajua. Jioni, akiwa na simu mkononi, anatafuta fundi wa bei ya chini kabisa Unguja. Hafanyi hivyo kwa unafiki. Anafanya kwa sababu umbali unamfanya fundi aonekane kama tarakimu, kama vile umbali wa ghorofa 20 unavyomfanya yeye aonekane kama tarakimu kwa mwenye jengo. Hapa ndipo pana uzito wa jambo zima: aliyeonja uchungu wa kulipia unafuu wa wengine ana sababu ya ziada ya kutouhamishia kwa mwingine, na ana shida ya ziada inayomvuta kuuhamisha.

Pingamizi linajitokeza lenyewe, na ni pingamizi la haki. Ikiwa kila mtu atatakiwa kulipa gharama yote ya kila tendo lake, basi matajiri peke yao ndio watakaokarabati nyumba. Maskini ataambiwa: ama chokaa na mzee, ama usiguse. Asipogusa, paa litaendelea kuvuja, na nyumba iliyoachwa bila kuguswa huanguka upesi kuliko iliyopakwa saruji. Je, si heri kosa dogo la masikini kuliko usafi wa maadili unaoishia katika kifusi? Tena, wanaohubiri chokaa mara nyingi ni watu ambao nyumba zao wenyewe hazivuji.

Pingamizi hili halijibiwi kwa kulipuuza. Linajibiwa kwa kutenganisha njia za kupunguza gharama, maana si zote zinazohamisha mzigo. Mtu anaweza kufanya kidogo: kutengeneza paa na mifereji mwaka huu na kuacha sebule ilivyo, kwa kuwa maji ndiyo adui na paa ndilo mlango wake. Anaweza kuchelewa: kukaa miaka miwili na ukuta usio na rangi, huku ukikauka. Anaweza kutumia tena: milango ya zamani, mawe yaliyobanduka, kipande kizima cha boriti iliyooza kichwa peke yake. Anaweza kufanya kwa mikono ya wenyewe yale yasiyohitaji fundi, kama kubandua saruji ya zamani na kuchekecha mchanga. Anaweza kukubali kitu kisichopendeza. Katika njia hizi zote ameokoa fedha, na bei ya kuokoa huko ameilipa mwenyewe: kwa subira, kwa jasho, kwa kukosa sebule ya kujivunia mbele ya wageni. Hakuna asiyekuwapo aliyetozwa.

Njia nyingine ni zile ambazo bei yake inalipwa na asiyekuwapo: jirani wa ukuta, fundi anayepunjwa kwa sababu ana njaa, mjukuu ambaye hajazaliwa. Tofauti kati ya makundi haya mawili haipimwi kwa wingi wa fedha. Inapimwa kwa swali moja: yule atakayebeba, lau angeulizwa, angekubali? Jirani akiulizwa anaweza kukubali, na hata kuchangia, kwa kuwa ukuta ni wake pia. Fundi akiulizwa anaweza kukubali kulipwa kwa awamu, ikiwa ahadi ni ya kweli. Asiyeweza kuulizwa ni mjukuu, na kwa hiyo yeye ndiye anayestahili kutetewa kwa nguvu zaidi.

Watu wa pwani hawakuwa bila chombo cha kumtetea. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na katika fikihi ya wakfu kuna kanuni ambayo wanazuoni wameishikilia kwa muda mrefu: pato la mali ya wakfu hutumika kwanza kuihifadhi na kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapate chao. Kanuni hii haisemi kwamba nyumba ni bora kuliko watu. Inasema kwamba wanufaika wa leo si wanufaika wote. Msitari wao ni mrefu, wengi wao hawajafika, na kodi ya mwezi huu ina sehemu yao. Kwamba wakfu nyingi zimechakaa kwa sababu kanuni hiyo haikufuatwa hakuibatilishi. Kunaonyesha tu jinsi aliye mbele ya msitari anavyovutwa kula na fungu la walio nyuma. Mchuma janga hula na wa kwao, na mara nyingine wa kwao ndio wanaokula peke yao.

Historia ya Al Fahidi inaongeza jambo la mwisho. Dubai ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1969, na tangu hapo chuma na zege vikaifanya boriti kuwa kitu cha aibu. Katika miaka ya 1980 sehemu ya Bastakiya ilibomolewa kupisha majengo mapya, na iliyobaki ilikuwa kwenye mpango wa kubomolewa. Mbunifu wa majengo kutoka Uingereza, Rayner Otter, aliyekuwa ameikarabati moja ya nyumba hizo na kuishi ndani yake, alipigania zisivunjwe. Mwanamfalme Charles alipozuru mwaka 1989, akaunga mkono, na ubomoaji ukasitishwa. Mji uliokuwa na uwezo wa kujenga chochote ulikubali kutunza vyumba vyembamba vya mita 3.

Mara nyingi uamuzi wa namna hii huelezwa kwa lugha ya utalii au ya utambulisho. Unaweza pia kuelezwa kwa lugha ya uchumi, na pengine hiyo ndiyo sahihi zaidi. Katika nyumba ya kale kuna gharama iliyokwisha kulipwa: mti uliokatwa, jiwe lililobebwa, chokaa iliyopondwa, mwili uliotumika. Wengi waliolipa hawakuulizwa, na hawawezi kurudishiwa. Lakini kuivunja nyumba, au kuiacha ioze chini ya saruji, ni kuyatupa malipo yao na kudai mengine mapya kutoka kwa mikono mingine na misitu mingine. Hakuna israfu kubwa kuliko kumwaga jasho ambalo lilishamwagika mara moja. Kukarabati vizuri, kwa maana hii, ndiko kuokoa kwa asili: ni kukataa kumfanya mtu alipe mara ya pili kitu ambacho mwingine alikilipa kwa gharama isiyo na kifani. Aliyeponda chokaa bila ujira hadai minara ya ukumbusho peke yake. Anadai pia kwamba ukuta wake usimame.

Mlinzi wa Deira hakuyafikiri yote haya katika duka la marumaru, wala hakuhitaji. Yatosha ikiwa dada yake, kabla ya kukata simu, atasema jambo moja dogo ambalo huenda alikuwa akisita kulisema: "Lakini kaka, jirani ananiuliza, maji yale yatakwenda wapi?" Ni swali la bomba na ufa, halina falsafa ndani yake. Asiyetaka kulijibu atasema kwamba hilo ni la jirani. Anayetaka kulijibu atahesabu upya. Ataona kwamba fedha iliyopo haitoshi kazi yote ya mzee, lakini inatosha paa na boriti mbili, na kwamba ukuta unaweza kubanduliwa sasa na kupigwa lipu mwakani. Atamwomba dada amrudie mzee na kumweleza hivyo bila kuficha, na abishe hodi kwa jirani kuzungumza juu ya ukuta wa pamoja. Marumaru zitabaki dukani. Wageni wa Idi watakaa juu ya mkeka katika chumba chenye ukuta mtupu, na mvua za masika zikija, kitu cha kwanza kitakachotazamwa ni dari.